Akiba ya Winguni

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 kompyuta yetu ilikufa. Haikuanguka wala haikuibwa. Asubuhi tulibonyeza kitufe cha kuiwasha, ikalia mara mbili, ikanyamaza, wala haikuamka tena. Fundi mmoja wa Tunduma aliifungua, akaitazama diski iliyo ndani yake, kisha akatuambia kwa sauti ya chini, kama mtu aletaye habari ya msiba, kwamba vilivyokuwamo havitapatikana. Humo zilikuwamo saa 4 za sauti ya bibi mmoja Mnyiha, mjane, mtu wa kanisa tangu utoto wake, ambaye alituimbia nyimbo za kupura ulezi na kutusimulia jinsi mama yake alivyobatizwa. Bibi huyo tulimzika mwezi wa Juni mwaka ule ule. Sauti yake tulikuwa nayo nakala moja tu, katika chombo kimoja, juu ya meza moja.

Tangu siku ile walimu wenzetu wametuuliza mara nyingi tulifanyaje baadaye, na kama ni kweli kwamba vitu vyetu sasa viko mawinguni. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika habari hii kwa urefu, pamoja na makosa yetu, maana makosa ndiyo yaliyotugharimu.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mchungaji wetu alitupa vitabu vya ubatizo vya ushirika, vilivyoandikwa kwa mkono, vingine kwa wino uliokwisha kufifia, tuvipige picha ukurasa kwa ukurasa. Tena akatuomba tuendelee kuwaendea wazee, Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa huku Tunduma na Momba, na Wandali wawili watatu waliohamia kutoka Ileje, tuzitie sauti zao katika chombo. Vitabu vile si vitu vya kutazama tu. Mwaka 2023 mzee mmoja alifika ofisini mwa kanisa akitafuta tarehe ya kuzaliwa kwake, apate kuipeleka kwa waandikishaji wa vitambulisho. Tulifunua kitabu cha mwaka alioutaja. Mchwa walikuwa wameingia kwa upande wa chini, wakala kurasa kumi na moja, na ukurasa wake ulikuwa mmojawapo. Mzee aliutazama ule unga wa karatasi, akasema, "Basi, Mwalimu, mimi sikuzaliwa." Watu walicheka, naye akacheka, lakini aliondoka bila tarehe.

Twakumbuka ya kwamba Wamoravian walifungua kituo chao Mbozi mwaka 1899, na kwamba Traugott Bachmann, aliyekuwa mkuu wa kazi ile, alijifunza Kinyiha na kukiandika, hata Agano Jipya la Kinyiha likapigwa chapa mwaka 1913. Kitabu kile kingalipo hata leo kwa sababu kilichapwa nakala nyingi: moja ikiliwa na mchwa, nyingine iko kwa jirani. Kitabu cha ubatizo hakina jirani. Kipo kimoja, katika sanduku moja, chini ya bati moja linalovuja.

Basi, mwanzo wa mwaka 2024 tulikuwa na picha 1,900, na saa 60 za sauti. Vyote vilikaa katika kompyuta mpya (mpya kwetu, alikuwa nayo mtu mwingine kwanza) na katika diski moja ya kubebwa mkononi. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta habari za wingu.

Wasomaji wasidanganyike na jina. Wingu hilo si wingu. Ni kompyuta nyingi zilizopangwa katika majumba makubwa ya nchi za mbali, zenye umeme usiokatika na mitambo ya kuzipoza, na mwenye majumba hukodisha nafasi humo kama mtu akodishavyo ghala ya mahindi. Kitu pekee tujuacho sisi wa Songwe kilichotoka juu kweli ni kimondo cha Mbozi, nacho ni chuma cha tani nyingi, hakihitaji nakala. Faili litokalo Tunduma hupita hewani mpaka kwenye mnara wa simu, kutoka mnarani huingia katika Mkongo wa Taifa, ambao ni uzi wa kioo uendao mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko huingia baharini. Kebo ya SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, na ile ya EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya namna hii na nchi za ng'ambo yalitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Tulipowaeleza wazee wa kanisa habari hizi, mmoja aliuliza, "Yaani mnaita wingu, kumbe njia yake ni chini ya bahari?" Hatukuwa na jibu zuri.

Sasa tufike kwenye hesabu, na hapa twaomba uvumilivu wa msomaji, maana asiyefanya hesabu hii kwanza atalia baadaye kama tulivyolia sisi. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, lakini mwendo wa mtandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Mtu asiyejua tofauti hiyo hudhani kazi itakwisha kwa muda ulio sehemu ya nane ya muda wa kweli. Sauti ya saa moja, ikirekodiwa kwa mkondo mmoja kwa kipimo cha kawaida cha sahani za muziki, ni megabaiti 317 na nusu. Saa 60 ni gigabaiti 19. Picha zetu zilikuwa megabaiti 6 kila moja, kwa hiyo 1,900 ni gigabaiti 11 na zaidi kidogo. Jumla gigabaiti 30 na nusu, yaani megabiti 244,000.

Na mwendo wetu? Kushusha vitu kutoka mtandaoni twapata megabiti 5 au 6 kwa sekunde. Kupandisha, siku njema, megabiti 1. Watu wengi hawajui ya kwamba njia ya kupanda ni nyembamba kuliko ya kushuka. Mitambo imepangwa hivyo kwa kuwa watu wengi huchota kuliko wanavyomimina, na tena simu ndogo ya mkononi haina nguvu ya kupaza sauti kama mnara. Gawanya 244,000 kwa 1: sekunde 244,000, nazo ni saa 68 bila kupumzika.

Tulisema, si kitu, saa 68 ni siku 3 kasoro. Tukafanya kosa letu la kwanza, ambalo lilikuwa kubwa. Tulivifunga vitu vyote kuwa faili moja, kama mtu afungaye mizigo yote ya nyumba katika gunia moja, tukalipandisha mwezi wa Machi kwa njia ya kivinjari. Usiku wa tatu, likiwa limefika asilimia 61, umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ile ni ya jina tu. Umeme uliporudi tulifungua tena, tukakuta asilimia 0. Kule ng'ambo hakuna kilichobaki, maana gunia lisilofika zima halihesabiwi kuwa limefika. Na bando lilikuwa limekwisha.

Tuliketi barazani asubuhi ile bila kusema neno. Mzee mmoja wa kanisa alipita, tukamweleza. Akafikiri, akauliza, "Mwalimu, kwani basi halipo?"

Tulidhani anafanya mzaha. Lakini jioni tulilifanyia hesabu swali lake ubaoni, mbele ya wanafunzi wa darasa la saba. Diski yenye gigabaiti 30 na nusu, ikitiwa mfukoni na mtu apandaye basi dogo kutoka Tunduma hadi Mbeya, hufika kwa saa 3 hivi. Megabiti 244,000 kwa sekunde 10,800 ni megabiti 22 na nusu kwa sekunde. Basi lile, pamoja na kusimama kwake Vwawa na Mlowo kupakia abiria, pamoja na kuku wake na maparachichi yake, lilikuwa na mwendo mara 22 kuliko mtandao wetu. Wanafunzi walipiga makofi. Juma lile tulinunua diski ya pili, tukatia nakala, tukaipeleka Mbeya kwa mwalimu mwenzetu, naye akaifungia kabatini mwake mpaka leo. Twasema wazi: mwenye mzigo mkubwa na mtandao mdogo aanze na basi.

Walakini diski ya Mbeya nayo ni diski. Ile iliyokufa mwaka 2022 haikuwa na kosa lolote ila uzee. Tena kila juma twaongeza sauti mpya, na hatuwezi kupanda basi kila Jumamosi kwa ajili ya saa moja ya hadithi. Kwa hiyo tulirudi kwenye wingu, lakini kwa njia nyingine.

Jambo la kwanza ni kupunguza uzito pasipo kupunguza kitu. Ziko namna mbili za kupunguza, na mtu azitenge vizuri. Namna moja ni kama kukunja kanga: huchukua nafasi ndogo, na ukiikunjua ni kanga ile ile, uzi kwa uzi. Namna ya pili ni kama kukata upindo: kanga ni nyepesi zaidi, ila upindo haurudi. Sauti zetu tulizikunja kwa namna iitwayo FLAC, nazo zikashuka kufika nusu hivi, kutoka gigabaiti 19 hadi 9 na nusu, bila kupoteza hata kikohozi cha mzee. Picha tulijaribu kuzikata upindo. Tukazipunguza sana, tukatazama: ile *u* na ile *n* za mwandishi wa zamani zikafanana, na jina la mtoto likawa jina la mtoto mwingine. Tukaziacha zilivyo. Jumla sasa ikawa gigabaiti 21 kasoro kidogo.

La pili ni kugawa. Kila saa ya sauti ikawa faili yake, kila picha faili yake. Saa moja iliyokunjwa ni megabaiti 160, nayo hupanda kwa dakika 21 hivi. Umeme ukikatika, twapoteza dakika 21, wala si siku 3. Tena tuliacha kivinjari, tukatumia programu ambayo huandika daftari la vilivyofika, na ikikatizwa huanza pale ilipoachia. Ni kama kuhamisha mahindi kwa debe: debe likimwagika njiani, yaliyokwisha kumiminwa ghalani yamo.

La tatu ni kuchagua saa. Msomaji asiyefika Tunduma hawezi kujua jioni yake. Malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama kwa foleni ndefu hata baada ya kile kituo cha pamoja cha mpaka kuzinduliwa mwaka 2019, na kila dereva akisha kula hufungua simu yake, hutazama mpira, huongea na mkewe kwa picha. Mnara ni ule ule mmoja. Tangu saa 1 hadi saa 5 usiku hatupati hata robo ya mwendo wetu. Ikipita saa 6 madereva hulala, na njia hufunguka mpaka alfajiri. Nalo bando la usiku ni nafuu. Kwa hiyo tukaweka saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Sekunde 18,000 kwa megabiti 1 ni gigabaiti 2 na robo kila usiku. Siku 10 zingetosha.

Zisingetosha. Usiku wa nne simu yetu ilishika mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu, kwa utii wake, ikarudisha saa yake nyuma. Iliporudi kwenye mnara wetu saa ile haikurekebika. Tulikuwa tumeiamuru kengele itulize saa 11 tuzime. Ikatulia ikisema saa 11, kumbe jua la Tanzania limekwisha kufika saa 12. Saa nzima ilikuwa imekula salio la mchana. Tangu siku ile tulizima ule ufunguo wa simu wa kujichagulia saa na mnara, na ukutani tukatundika saa ya betri iliyonunuliwa sokoni, isiyojua mpaka.

Lakini kabla hatujaanza hizo safari za usiku, Mchungaji alituzuia. Aliuliza swali ambalo sisi, kwa haraka yetu, hatukulifikiri: katika vitabu vile yameandikwa mambo ya watu. Fulani alibatizwa bila jina la baba. Fulani alitengwa, akarudishwa. Je, twawapa wageni wa ng'ambo vitabu hivi wasome? Tulimjibu kwamba twaweza kuyafunga mafaili kwa neno la siri kabla hayajatoka nyumbani, hata mwenye ghala asione ila herufi zisizo na maana. (Anayetaka kufanya hivi akumbuke kukunja kwanza, kisha kufunga, maana kilichofungwa hakikunjiki tena.) Mchungaji akauliza, "Na neno hilo atakuwa nalo nani?" Tukasema, sisi. Akasema, "Na ukifa?"

Alikuwa na haki kabisa. Neno likipotea, faili lililofungwa ni sawa na lililoliwa na mchwa. Hakuna fundi duniani wa kulifungua. Tuliandika neno lile katika karatasi mbili, kwa wino usiofutika: moja katika sanduku la kanisa, nyingine kwa mzee wa kanisa akaaye Vwawa, ndani ya bahasha iliyofungwa. Kadhalika tulirudi kwa kila mzee aliyerekodiwa, tukamwomba ruhusa upya, kwa kuwa kukubali kuongea na mwalimu barazani si kukubali sauti yako iwekwe nchi ya mbali. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, hiyo ndiyo adabu. Wazee wawili walikataa. Sauti zao ziko katika diski tu.

Tulianza usiku wa Jumatatu, tarehe 29 Aprili, 2024. Hata tarehe 11 Mei theluthi mbili zilikuwa zimepanda. Kesho yake, Jumapili, tulipotoka ibadani watu walikuwa wakitikisa simu zao. Ikasikika baadaye kwamba kebo zote mbili tulizozitaja, SEACOM na EASSy, zilikuwa zimekatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnara wetu ulikuwa mzima. Mkongo wa Taifa ulikuwa mzima. Umeme, kwa ajabu, ulikuwapo. Sisi tuliokuwa tukihesabu malori na madereva hatukuwa tumekumbuka bahari. Kwa siku kadhaa programu yetu ilijaribu, ikaandika katika daftari lake kwamba imeshindwa, ikajaribu tena. Mambo yakarudi kidogo kidogo. Faili la mwisho lilipanda usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni. Siku 10 za ubaoni zilikuwa zimekuwa siku 39.

Kufika si kufika salama. Kila faili tulilitolea alama ya uhakiki kabla ya kulipandisha, nayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 utokanao na yaliyomo yote. Biti moja ikibadilika, alama nzima hubadilika, kama vile jumla ya daftari la sadaka isivyokubali mtu abadilishe shilingi moja katikati. Tulishusha mafaili 20 tuliyoyachagua kwa kufumba macho, tukayafungua, tukalinganisha alama. Kumi na tisa yalikuwa sawa. Moja lilikuwa na kasoro, nasi hatujui hata leo lilipata wapi jeraha hilo. Tukayashusha yaliyobaki yote, kazi ya majuma mawili, tukakuta jingine moja. Tukayapandisha upya yale mawili. Mtu akituambia ameweka akiba lakini hajawahi kuishusha kuitazama, sisi twamhesabu kuwa hana.

Habari hizo zilienea katika ushirika, tena zikakua kama zilivyo desturi za habari. Jumamosi moja ya Julai alikuja kwetu mama mmoja kutoka kijiji cha jirani, amevaa kanga ya kanisani, akaketi. Tulimtambua: ni binti wa yule bibi wa nyimbo za ulezi. Akasema amesikia kwamba Mwalimu ameziweka sauti za wazee mahali zisipopotea, naye angependa kumsikia mama yake, hata kidogo tu.

Tulimweleza. Tulimwambia mwezi, na mwaka, na jinsi kompyuta ilivyolia mara mbili. Hatukuficha kwamba kosa lilikuwa letu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake. Kisha akauliza kama nyimbo zile za kupura tulizisikia zote sita. Tukasema twazikumbuka nne. Akasema yeye anazijua mbili vizuri, na ya tatu nusu, ila si kwa sauti kama ya mama.

Tukawasha chombo. Aliimba na kueleza kwa dakika 18. Katikati jogoo aliwika, naye akamngoja amalize. Alipokwisha tulimsomea yale maneno ya ruhusa, akakubali, akaandika jina lake.

Usiku ule, ilipopita saa 6 kwa saa ya ukutani, tulilikunja faili lake, tukalifunga, tukalipandisha. Lilichukua dakika 7. Alfajiri tukalishusha, tukalinganisha alama, nazo zilikuwa sawa.